Jiwe Lisogezwe, Kijitawi Kibaki: Gofu na Vikwazo vya Asili

Januari 1999, huko Scottsdale katika jimbo la Arizona, Tiger Woods alipiga mpira ukaenda kutua jangwani, nyuma ya jiwe lililokadiriwa kuwa na uzito wa karibu nusu tani. Akamwita mwamuzi na kumuuliza kama jiwe lile linaweza kuondolewa. Mwamuzi akalikagua, akaona limekaa juu ya ardhi tu bila kuzama, akajibu kwamba kanuni zinaruhusu. Watazamaji kadhaa wakajipanga nyuma yake, wakalisukuma mpaka likabingirika kando, na Woods akapata njia ya kupiga kuelekea grini. Shimo lile alilimaliza kwa pigo moja chini ya pa. Hakuna aliyeadhibiwa. Lakini kama angevunja kijitawi kimoja kibichi kilichomkwaza alipotaka kuzungusha fimbo, angeongezewa mapigo mawili.

Tofauti hiyo huwaudhi wageni wa mchezo, na wenyeji wake pia. Anayedhani kanuni za gofu ziliandikwa ili kumhurumia aliyekwama ataziona hazina kichwa wala miguu. Haziulizi mpira umekaa vibaya kiasi gani. Zinauliza kilichouzuia kimeota au kimelala tu, kimechimbwa au kimekanyagwa, na mpira wenyewe uko sehemu gani ya uwanja. Ugumu peke yake haujawahi kumpa mtu nafuu ya bure. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya kitabu inafunguka. Inabaki sehemu ndogo isiyokaa sawa hata baada ya hapo, nayo ndiyo inayotugusa zaidi sisi wa nchi zenye vichuguu, tumbili na viboko.

Kanuni za kale zaidi za gofu zilizobaki kwa maandishi ni vifungu 13 vilivyoandikwa mwaka 1744 na mabwana waliokuwa wakicheza Leith, karibu na Edinburgh. Ajabu ni kwamba mjadala wote umeshawekwa mle. Kimoja kinakataza kuondoa mawe, mifupa au kitu kinachoweza kuvunja fimbo, isipokuwa kwenye nyasi nzuri na ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka mpira ulipo. Kingine kinasema mpira ukiingia majini au kwenye uchafu wa majimaji, mchezaji anaweza kuutoa na kuurudisha nyuma ya kizuizi, kwa gharama ya pigo moja. Cha tatu kinasema mpira ukizuiwa na mtu, farasi au mbwa, unachezwa palepale ulipoishia. Kwa hiyo tangu mwanzo kuna kinachoondolewa, kinacholipiwa na kinachovumiliwa. Vilivyofuata, hadi kitabu cha sasa cha kanuni 25 kinachotolewa kwa pamoja na R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani, kwa kiasi kikubwa ni ugomvi juu ya mipaka kati ya mafungu hayo matatu.

Tuanze na kinachoondolewa. Kitabu kinataja vitu vya asili visivyoshikamana na chochote: mawe, majani makavu, matawi yaliyokatika, kinyesi cha mnyama, mzoga, minyoo na wadudu, hata utando wa buibui ulioshika kwenye kichaka. Ukubwa hauhesabiwi. Unaruhusiwa kuomba msaada wa watu, mradi usicheleweshe mchezo kupita kiasi. Sharti ni kwamba kitu kisiwe kimeota, hakijazama imara ardhini na hakijagandamana na mpira. Mchanga na udongo uliotifuka haumo katika fungu hili, wala umande. Mti ulioanguka lakini bado umeshikwa na kisiki chake unahesabiwa kuwa umeota. Na mpira wako ukijichomeka ndani ya embe lililoiva na kuanguka, huwezi kulitupa embe kando, kwa sababu mpira umo ndani yake: utalipiga embe na mpira wake, au utalipa pigo moja ukadondoshe kwingine.

Mpaka mwaka 2018 ruhusa hii ilikuwa na shimo kubwa. Ndani ya banka, yale mashimo ya mchanga, hukuruhusiwa kugusa jiwe wala jani. Nick Faldo aliyajua hayo kwa uchungu mwaka 1994 huko Bali: alikuwa anaongoza mashindano kwa raha zake, akaondolewa kwa kuwa raundi iliyotangulia alitoa kipande cha tumbawe kwenye banka. Alikuwa amezoea mashindano ya Ulaya, ambako kanuni ya ndani ilikuwa ikiruhusu mawe ya banka kutolewa. Marekebisho makubwa ya mwaka 2019, yaliyopunguza kanuni kutoka 34 hadi 24, yaliifuta marufuku hiyo. Sasa jani na jiwe hutolewa bankani, ingawa kuupima mchanga kwa mkono au kuweka fimbo mbele au nyuma ya mpira bado ni kosa.

Upande wa pili wa mpaka ni vitu vilivyoota, na hapo kitabu hakina masihara. Kanuni ya kwanza inasema uwanja unachezwa kama ulivyo na mpira kama ulivyokaa. Tawi linalokusumbua unaweza kulisukuma kwa mwili wako ukitafuta mahali pa kusimama, lakini kwa uangalifu na kwa kiasi kinachohitajika tu; kulivunja, kulikunja nyuma ya tawi lingine au kulikanyaga ili lisirudi ni mapigo mawili. Hata mahali pa kusimama hupajengi. Mwaka 1987 huko Torrey Pines, San Diego, Craig Stadler alikuta mpira chini ya mti wenye matawi ya chini sana, akatandika taulo ili suruali isilowe, akapiga magoti akacheza. Watazamaji wa televisheni wakapiga simu: taulo lile lilihesabiwa kuwa amejijengea mahali pa kusimamia. Kwa kuwa alikwisha kusaini kadi bila kujiongezea mapigo mawili, akaondolewa mashindanoni. Mwaka 1995 mti ule ulipougua, uwanja ulimwalika aje kuukata kwa mikono yake. Sijui kisasi kingine cha kistaarabu kama hicho katika michezo.

Wanyama ndio mtihani halisi wa mantiki ya kitabu, kwa sababu wao hawaoti wala hawalali pale walipo. Mnyama aliye hai akiuchukua mpira uliokwisha kutulia, unarudishwa ulipokuwa bila adhabu. Mwaka 1998 huko Sawgrass, Florida, shakwe aliuokota mpira wa mchezaji mmoja kwenye grini ya kisiwa ya shimo la 17, akaruka nao akauangusha majini. Mchezaji huyo akaweka mwingine mahali pale pale na mchezo ukaendelea. Nje ya grini, mpira unaobingirika ukigongana na mbwa au tumbili, huchezwa ulipoishia, kama walivyotaka watu wa Leith. Kitu kimoja husahaulika: lazima ijulikane au iwe karibu yakini kwamba ni mnyama aliyeuchukua, na kitabu kimeweka kipimo cha angalau asilimia 95. Kuwa na tumbili wengi mitini si ushahidi. Mpira usipoonekana ndani ya dakika tatu na hakuna aliyemwona mwizi, basi umepotea, na unarudi ulikopigia awali ukiwa umeongezewa pigo.

Shimo la mnyama nalo hutoa nafuu ya bure. Zamani ilikuwa lazima mnyama awe wa jamii ya wachimbaji, kama sungura au fuko, na mbwa aliyefukua kwa mchezo hakuhesabiwa. Tangu 2019 shimo la mnyama yeyote linatosha, pamoja na udongo aliourusha nje na njia aliyoichakaza kuingia humo. Unatafuta sehemu ya karibu ambapo shimo halikusumbui tena, unapima urefu wa fimbo moja bila kusogelea bendera, unadondosha mpira kutoka usawa wa goti. Fuko amekuharibia, fuko hakuwa sehemu ya mtihani uliowekwa na uwanja, basi hulipi.

Hapo ndipo kichuguu kinapoleta matata. Wadudu wametengwa: tundu la mdudu si shimo la mnyama, na kilima anachokijenga kimewekwa pamoja na vitu vinavyoondolewa, sawa na udongo unaotolewa na nyungunyungu. Kwa nyasi za Ulaya hilo linaeleweka, maana kilima cha sisimizi hupanguswa kwa kiganja. Kichuguu cha mchwa kilichokauka kwa miaka, kirefu kuliko mchezaji na kigumu kama zege, kwa maandishi kiko fungu moja na jani kavu: unaruhusiwa kukiondoa, jaribu. Aliyekwama nyuma yake hana nafuu ya bure isipokuwa kamati ya uwanja imekitangaza mapema kuwa ardhi iliyo matengenezoni. Si upungufu wa akili wa waandishi. Ni kwamba mchezo ulizaliwa kwenye mchanga wa pwani ya Scotland, na orodha ya vitu ilitokana na vilivyokuwepo huko.

Nyayo ni hivyo hivyo. Alama moja moja za kwato au miguu ya mnyama, zisizoelekea kwenye shimo lake, kitabu kinaziona kuwa mikunjo ya kawaida ya ardhi. Mbuzi akipita kwenye nyasi zenye unyevu, hasara ndogo. Akipita kiboko, mpira unaweza kupotelea ndani ya unyayo mmoja. Klabu ya gofu ya Jinja, pale Nile inapoanza safari yake kutoka Ziwa Victoria, inajulikana kwa kanuni yake ya ndani inayomruhusu mchezaji kuutoa mpira kwenye unyayo wa kiboko. Ng'ambo ya ziwa, Nyanza Club ya Kisumu inatajwa katika kila mkusanyiko wa vituko vya gofu kwa kanuni ya enzi ya ukoloni iliyomruhusu mchezaji aliyekuta mpira karibu na kiboko au mamba adondoshe mwingine mahali salama bila adhabu. Wazungu huzisoma kanuni hizo kama mzaha wa Afrika. Kwangu mimi ni sheria iliyoandikwa vizuri: kamati iliona pengo la kitabu ikaliziba, tena kwa namna ambayo wenye kitabu wenyewe wameifuata. Leo R&A na USGA wametoa mfano rasmi wa kanuni ya ndani kuhusu uharibifu wa kwato, na hatari ya mnyama imekuwa kanuni kamili ya mchezo.

Kanuni hiyo ya mnyama wa hatari inahusu nyoka wenye sumu, nyuki, mamba, dubu na wale siafu wakali wa Amerika, yaani mnyama yeyote anayeweza kumjeruhi vibaya anayetaka kupiga mpira ulipo. Nafuu ni ya bure, hata ndani ya eneo la adhabu (kwa mfano mto au bwawa lililowekewa vigingi), ingawa huko mpira unabaki ndani ya eneo hilohilo. Mwaka 2020, kwenye mashindano ya Memphis, Bryson DeChambeau alikuta mpira wake umekaa pabaya karibu na mti, akaona sisimizi, akamwambia mwamuzi kwamba huenda ni wale wakali. Mwamuzi akatazama, hakuridhika, akamwambia acheze. Inawezekana DeChambeau aliogopa kweli kuumwa. Lakini kitabu kina kifungu kwa ajili ya mashaka ya aina hiyo: kama mpira usingechezeka hata kidogo kwa sababu ya kitu kingine, kwa mfano umezama ndani ya kichaka, mnyama au shimo lake haligeuzwi kuwa mlango wa kutokea bila kulipa.

Sasa linganisha nyuki na upupu. Mpira ukiwa karibu na mzinga, nafuu ya bure. Mpira ukiwa katikati ya upupu, ule mmea ambao vinyweleo vyake humfanya mtu ajikune mpaka ngozi ichubuke, hakuna chochote. Kitabu kinataja waziwazi kwamba mimea inayowasha au kuchoma, pamoja na dungusi kakati, haihusiki na kanuni ya hatari. Kwa ngozi ya mchezaji tofauti hiyo haina maana. Kwa mantiki ya uwanja inayo: mmea upo pale kila siku, mchezaji aliuona au alipaswa kuuona kabla ya kupiga, na ukianza kutoa nafuu kwa mmea unaochoma utashindwa kukataa kwa mmea wenye miiba, kisha kwa kichaka kinene, na mwisho hakuna msitu. Naikubali hoja hiyo kwa shingo upande. Mwiba wa mgunga ni adui wa suruali tu, lakini upupu unaweza kumlaza mtu, na sioni kamati itapoteza nini ikiufyeka au ikiuzungushia alama za kukataza kucheza humo, jambo ambalo inayo mamlaka ya kulifanya.

Mchezaji aliyekwama kwenye mmea hajaachwa bila njia. Kilichopo ni kwamba atalipa. Mpira unaweza kutangazwa hauchezeki popote uwanjani isipokuwa ndani ya eneo la adhabu, na mwamuzi pekee wa hilo ni mchezaji mwenyewe. Kwa pigo moja anarudi alikopigia, au anarudi nyuma kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye bendera kupitia mpira, umbali wowote apendao, au anadondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili kando. Watu huikimbilia hii ya tatu kwa sababu ni ya karibu. Mara nyingi ni kosa la hesabu. Mpira ulionasa kwenye mizizi ya mbuyu, ukiusogeza fimbo mbili, huenda bado una mbuyu mbele yake. Ya pili, hata ikikurudisha mita 40, hukupa pigo safi.

Mpira ukikwama juu mtini, sehemu ya kupimia fimbo mbili ni ardhini chini yake kabisa. Lakini lazima uthibitishe kwamba ni wako, kwa alama yake. Kuuona mpira mweupe kati ya majani hakutoshi, usiotambuliwa umepotea. Wapo waliopanda wenyewe. Bernhard Langer alipanda mti huko Fulford, York, mwaka 1981, akaupiga mpira kutoka matawini hadi grini, na Sergio García mwaka 2013 huko Bay Hill, Florida, akapiga kwa mkono mmoja akiwa ameupa mgongo mwelekeo, kisha akaruka chini. Picha hizo zinapendwa kwa sababu zinaonyesha sharti la kucheza mpira ulipokaa likitekelezwa hadi mwisho wake wa kichaa.

Maji yana mpangilio unaoeleweka zaidi. Dimbwi la mvua ya masika linaloonekana juu ya ardhi ni maji ya muda na linatoa nafuu ya bure. Tope tupu halitoi. Mpira uliozama kwenye tundu lake wenyewe hutolewa bure karibu kila mahali nje ya banka na eneo la adhabu. Mto, bwawa na mtaro huwekewa vigingi: vya manjano vinakupa njia mbili kwa pigo moja, yaani kurudi ulikopigia au kurudi nyuma kwa mstari, vyekundu vinaongeza ya tatu, fimbo mbili kutoka mpira ulipovuka mpaka. Na unaruhusiwa kuingia ukapige bila kulipa. Jean van de Velde karibu afanye hivyo kwenye shimo la mwisho la British Open ya 1999 huko Carnoustie. Alikuwa anaongoza kwa mapigo matatu, mpira ukaingia kijito cha Barry Burn, akavua viatu na soksi akasimama majini akiupima. Mwishowe alilipa pigo, akamaliza shimo kwa saba, akapoteza taji kwa Paul Lawrie katika mashimo ya ziada. Anakumbukwa kwa kukunja suruali, ilhali kutoka majini na kulipa ndiko kulikokuwa uamuzi wa busara. Maafa yalikuwa katika mapigo ya kabla yake.

Miaka ishirini baadaye maji yalifichua dosari nyingine. Huko huko Scottsdale, mwaka 2019, Rickie Fowler alilipa pigo kwa mpira ulioingia majini kwenye shimo la 11, akadondosha, ukatulia, akaenda mbele kuangalia grini. Mpira ukajiviringisha peke yake ukarudi majini. Nguvu za asili ziliusogeza, kwa hiyo kwa kanuni za wakati ule ulichezwa ulipoishia, na Fowler akalipa pigo jingine bila kuugusa. Alishinda mashindano hata hivyo. Toleo la 2023 lilibadilisha hilo: mpira uliokwisha kudondoshwa na kutulia, ukisogezwa na upepo au mteremko hadi sehemu nyingine ya uwanja, hurudishwa bure.

Badiliko lenye uzito zaidi kwa viwanja vyetu, hata hivyo, ni la 2019 lililovunja uhusiano kati ya vigingi na maji. Sasa kamati inaweza kuweka vigingi vyekundu kuzunguka msitu, jangwa au mawe ya volkano. Kishawishi ni kikubwa: mpira ukipotea humo na kukawa na uhakika wa asilimia 95, mchezaji anadondosha pembeni kwa pigo moja badala ya kurudi nyuma, na foleni kwenye tii inapungua. Wanaoomba msitu wote upakwe rangi nyekundu huwa hawasemi upande wa pili. Ndani ya eneo la adhabu hakuna nafuu ya bure kwa shimo la ngiri, wala kwa kichuguu kilichotangazwa ardhi ya matengenezo, wala kwa mpira uliozama ardhini, na huwezi kutangaza kwamba hauchezeki. Rangi inayomsaidia aliyepoteza mpira inamnyang'anya aliyeuona. Kwa mashindano ya Jumamosi ya klabu, ipo njia nyingine iliyoletwa mwaka huohuo wa 2019: kanuni ya ndani inayomruhusu aliyepoteza mpira kudondosha mwingine kwenye nyasi fupi karibu na pale unapodhaniwa kupotelea, kwa gharama ya mapigo mawili. Mimi ningeichukua hiyo, msitu nikauacha bila rangi, na ndoo ya chokaa ningeipeleka kuvizungushia mstari vichuguu.